Subiri "ila"

Saa moja na nusu asubuhi, mlangoni mwa chumba cha boila, kwenye kiwanda kimoja cha kubangua korosho hapa Mtwara. Nilikuwepo kama mkalimani. Fundi, mgeni kutoka India aliyekuwa katika mwezi wake wa pili nchini, aliniomba siku hiyo nisimtafsirie mpaka akwame. Alitaka kujipima. Akamgeukia mzee wa zamu ya usiku.

"Shikamoo mzee. Habari ya boila?"

"Marahaba. Nzuri tu, mwanangu."

Fundi akaweka tiki kwenye karatasi yake, akageuka kwenda kunywa chai. Mzee alikuwa hajamaliza. Alifuta mikono kwenye ovaroli, akatazama sakafu, kisha akasema taratibu, "Ila tangu saa nane inapumuapumua." Mgeni alishavuka kizingiti. Nami nikadhani amesikia.

Kupumuapumua kwenyewe kulikuwa vali ya usalama inavuja mvuke. Ilipofika saa nne boila ilizimwa, korosho zilizokuwa ndani ya chombo cha kupikia kwa mvuke zikakaa nusu mbichi nusu zimeiva, na kina mama wa kubangua wakakaa kwenye mabenchi wakisubiri kazi. Fundi alinijia na hasira: kwa nini mzee alimwambia nzuri? Nikampelekea mzee swali. Akanijibu bila kupandisha sauti, "Mwalimu, mimi nilimwambia. Yeye hakusubiri."

Nimefundisha lugha mkoani hapa kwa miaka mingi, Kiingereza kwa wenyeji na Kiswahili kwa wageni, na katikati nakalimani viwandani, zahanati na kwenye ofisi za mizigo. Kama ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu, ningeacha ngeli, ningeacha nyakati, nikafundisha hili la mzee. Kila lugha ina mahali pake pa kuweka habari, na anayehama lugha bila kujua mahali hapo anasikia kila neno na habari inampita.

Kwetu "nzuri" si taarifa. Ni kama "karibu" mtu anapopiga hodi: unafungua mlango, hujasema lolote kuhusu hali ya nyumba. Salamu ni haki ya mtu, unamlipa kwanza, ndipo mnazungumza. Ndiyo maana mtu aliyefiwa, ukimuuliza habari za nyumbani, anaweza kukujibu, "Njema, ila mama mkubwa ametutoka jana." Hakuna Mswahili atakayemwita mwongo. Habari imekaa mahali pake, baada ya "ila".

Na sikio la mwenyeji halisubiri hata hiyo "ila". Linapima daraja la "nzuri" yenyewe. "Safi" ya haraka ni safi kweli. "Nzuri tu" inategemea imevutwa kiasi gani. "Hivyo hivyo" ni ombi la kuulizwa zaidi. "Tunasukuma siku" maana yake kaa chini, hapa pana maneno. Mgeni anafundishwa yote haya kwa mstari mmoja kwenye kitabu, kwamba jibu la "habari" ni "nzuri", basi. Kisha tunashangaa akienda kunywa chai.

Huku kusini pana jambo jingine juu yake. Kiyao kinamheshimu mkubwa kwa wingi. Mzee mmoja anasemeshwa kama wawili, na tabia hiyo imeingia katika Kiswahili cha watu wengi wa huku. Utasikia kijana akimwambia babu mmoja aliye peke yake kibarazani, "Mmeamkaje, babu?" Mgeni anayejua sarufi vizuri anatazama nyuma ya babu kumtafuta wa pili. Ndipo namwambia aache kumtafuta, na yeye aanze kusema hivyo hivyo. Mzee aliyesalimiwa kwa wingi hupunguza sana masafa kati ya "nzuri" na "ila" yake.

Sasa geuza upande. Wanafunzi wangu wa Kiingereza, vijana wa ofisi za kuondosha mizigo bandarini, wanabeba mpangilio wetu na kuupeleka kwa watu wasioujua. Mmoja aliniletea barua pepe aliyomwandikia mteja nje ya nchi, akilalamika kwamba hajibiwi. Nikaisoma. Mstari wa kwanza anamtakia afya njema. Wa pili anamweleza kwamba yeye pia ni mzima. Wa tatu anamkumbusha kuhusu mawasiliano yao ya awali, ile "tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu" yetu, imevaa suti ya Kiingereza. Mstari wa sita, mwishoni kabisa, ndipo anasema kontena limezuiwa kwa sababu hati moja imekosekana, na gharama za kuhifadhi zinahesabiwa kila siku. Kiingereza chake hakikuwa na kosa hata moja. Nilimwambia achukue mstari wa sita aupandishe uwe wa kwanza, salamu azipunguze zibaki nusu mstari. Alisita. "Mwalimu, si atasema sina adabu?" Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Katika barua ya kazi ya Kiingereza, adabu ni kutomtafutisha mtu habari yake. Jibu la mteja lilikuja siku hiyo hiyo.

Kidonda kingine ni "ndiyo". Muulize Mswahili, "Mzigo haujafika?" Akisema "ndiyo", anakubaliana na ulichosema: haujafika. Mwingereza ukimuuliza hivyo kwa lugha yake akajibu "yes", kwa kawaida anamaanisha umefika. Neno lile lile, mzigo uko sehemu mbili. Hapa sina falsafa, nina amri: ofisini usijibu neno moja. Sema sentensi nzima, "haujafika", umemaliza.

Halafu kuna maneno yetu ya kukataa bila kukataa. "Nitajitahidi." "Tutaona." "Panapo majaaliwa." Yana uzuri wake, yanamwachia kila mtu uso wake, na mwenyeji anayasoma kwa macho na kwa urefu wa kimya kinachofuata. Lakini mgeni anayaandika kwenye kalenda. Na "bado", ah, "bado" peke yake ingehitaji makala. Mtu wa miaka sitini ukimuuliza kama ana watoto anakujibu "bado", kwa sababu "hapana" ingekuwa kama kumfungia Mungu mlango. Fundi ukimuuliza kama amemaliza akasema "bado kidogo", usiulize kidogo ni ngapi. Uliza amefikia wapi.

Kote huku tumepoteza mvuke, pesa na muda tu. Zahanati ndipo ninapoogopa.

Mama mmoja, wilaya ya Lindi vijijini, aliambiwa ameze kidonge kimoja "kila saa nane". Aliyemwambia alikuwa amesomea dawa kwa Kiingereza, na akilini mwake ilikuwa ni muda, masaa manane kisha kingine. Mama alisikia saa ya ukutani. Kila siku, saa nane mchana, bila kukosa hata siku moja, alimeza kidonge chake kimoja. Mgonjwa mtiifu kuliko wote, na dozi yake ilikuwa theluthi. Tulipogundua hilo, hakuna aliyekuwa amekosea Kiswahili. Sentensi ile inabeba maana zote mbili. Ingetosha kusema: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Na ingetosha zaidi kumuuliza, "Mama, hebu nieleze, ukifika nyumbani utameza vipi?"

Hapo hapo zahanati nimeona "mguu unaniuma" ikitafsiriwa kuwa unyayo, kumbe maumivu yako pajani. Mguu wetu unaanzia nyonga mpaka vidole, na mkono unaanzia begani. Kiingereza kinakata kila kimoja vipande viwili. Mkalimani mzuri hatafsiri mguu mpaka aone kidole cha mgonjwa kimegusa wapi.

Wanafunzi huniona nakuza mambo. Basi huwasimulia habari ya tarehe 27 Machi 1977, kisiwa cha Tenerife, katika visiwa vya Canary. Ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, ukungu umetanda, moja ya shirika la Uholanzi na nyingine ya Marekani. Rubani wa Kiholanzi alisema redioni maneno yaliyoweza kueleweka kwamba wako tayari kuruka, au kwamba tayari wanaruka. Mwongozaji wa ndege aliyekuwa mnarani, Mhispania, akajibu "OK". Hakuishia hapo, aliendelea kuwaambia wasubiri, atawaita. Lakini sekunde hiyo hiyo ndege ya pili nayo ilizungumza, redio zikagongana, na kwenye chumba cha marubani wa Kiholanzi kukasikika "OK" kisha mluzi. Walikufa watu 583. Sababu zilikuwa nyingi, ukungu na haraka vikiwemo, lakini mimi kila nikiifikia sehemu ile namwona fundi wangu anatia tiki. "OK" ilifika. "Ila" ikafunikwa na mluzi.

Baada ya hapo watu wa usafiri wa ndege walikaza kanuni: neno la kuruka lilitengwa kwa ruhusa yenyewe ya kuruka na kwa kuifuta tu, na anayepewa maelekezo muhimu ayarudishe, ayaseme mwenyewe mpaka mtoaji aridhike. Mabaharia nao wana lugha yao ya namna hiyo, misemo sanifu iliyopitishwa na Shirika la Kimataifa la Bahari mwaka 2001, ambayo ndani yake "labda" na "inawezekana" zimefungiwa nje. Nahodha wa meli inayoingia Mtwara kuchukua korosho anaweza kuwa mtu wa taifa lolote na lafudhi yoyote. Kinachowaelewanisha na nchi kavu ni kurudisha, si matamshi mazuri.

Kwa hiyo darasani kwangu, Kiingereza au Kiswahili, siku ya kwanza hatuanzi na kujitambulisha. Tunaanza na sentensi za kukwama: "Sijaelewa hapo." "Naomba urudie taratibu." "Unamaanisha leo au kesho?" "Kwa hiyo nifanye hivi?" Mtu mwenye sentensi nne hizi na maneno mia mbili ataishi. Mwenye maneno elfu tatu bila sentensi hizi ataitikia kwa kichwa mpaka boila izimwe. Tatizo la vijana wetu si akili. Wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kidato cha kwanza kikawapokea kwa Kiingereza, wakajifunza mapema kwamba aliyeuliza ndiye aliyechekwa. Kuitikia kwa kichwa ni ustadi walioiva nao.

Zoezi langu ni moja na linachosha. Wawili wawili. Wa kwanza anatoa maelekezo, tuseme jinsi ya kutoka stendi kwenda Shangani, au namna ya kupuliza salfa kwenye mikorosho. Wa pili haruhusiwi kusema "sawa". Anarudisha kwa maneno yake, asikopi. Pale anapokosea ndipo somo la siku linapotokea, na maneno mapya yanaandikwa daftarini yakiwa ndani ya sentensi hiyo, si pekee. Daftari hilo linafunguliwa tena kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuandika mwaka 1885 jinsi tunavyosahau upesi mwanzoni, na kurudia kwa kuachanisha siku bado ndiyo dawa niliyoiona ikifanya kazi. Kukesha siku moja kabla ya usaili hakujawahi kumsaidia mtu wangu yeyote.

Lafudhi? Naulizwa sana, hasa na wazazi, wanaonitajia Mzee Mkapa, aliyezaliwa Lupaso kule Masasi na kusomea Kiingereza Makerere. Jibu langu ni fupi. Mmakonde wa Newala anayesema "ntoto" hajawahi kupoteza mzigo kwa sababu hiyo, wachekeshaji wacheke watakavyo. Ninachorekebisha ni sauti inayobadili maana. Kimakua chenyewe hakina b, d wala g, na nilikuwa na mwanafunzi, mtu mzima wa Masasi, ambaye "bill" (ankara) na "pill" (kidonge) kwa Kiingereza zilitoka kinywani mwake neno moja. Alikuwa anahudumu kwenye dirisha la dawa. Hiyo tuliifanyia kazi wiki mbili. Mengine yote nilimwachia, ni yake na ya mama yake.

Yule fundi alimaliza mkataba wake wa kwanza akaongeza wa pili. Kiswahili chake mpaka leo kina ngeli za kubahatisha. Anasema "boila wangu" na "mvuke kubwa". Nilipita kiwandani msimu uliopita, asubuhi, zamu zinabadilishana. Alimsalimu mzee, safari hii kwa wingi, "Mmeamkaje, mzee? Habari ya boila?" Mzee akajibu nzuri tu. Fundi akachomeka kalamu mfukoni, akaegemea mlango, akanyamaza. Kimya kikavuta. Mwishowe akauliza mwenyewe, "Ila?"

Kina mama wa kubangua waliokuwa wanapita wakaangua kicheko. Wanamwita Bwana Ila. Mzee naye akacheka, akakuna kidevu.

"Ila pampu ya maji," akasema.