Mboga za kuvuka baridi Uingereza: yasemwayo na yalivyo

“Baridi ndiyo inayozuia mboga kukua, kwa hiyo nikizifunika zitaendelea.”

Kinachozisimamisha zaidi ni uhaba wa mwanga. Jijini London, kuanzia siku za mwisho za Oktoba hadi katikati ya Februari, urefu wa mchana haufiki saa 10. Katika kipindi hicho mboga za majani karibu hazikui kabisa, hata ukizijengea banda la plastiki. Ukiotesha Oktoba ukitarajia kula Desemba, umechelewa miezi miwili. Mmea unatakiwa uwe umeshajenga mizizi na majani kabla ya Novemba, kisha ukae tu ardhini ukingoja Machi, ambapo utachipua upya wakati bustani ya jirani bado ni udongo mtupu.

Ndiyo maana mavuno ya masika (huku ni Machi hadi Mei) hupangwa kiangazi (Juni hadi Agosti). Kabeji ya masika husiwa mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, miche ikahamishwa Septemba kwa nafasi ya sm 30, na ikakatwa Aprili au Mei. Brokoli ya zambarau inataka subira zaidi: sia Aprili au Mei, hamisha Juni au Julai kwa nafasi ya sm 60, uvune vichipukizi kati ya Februari na Mei mwaka unaofuata. Itashika nafasi karibu mwaka mzima, kwa hiyo mwenye tuta moja dogo afikirie mara mbili.

“Basi nikiwahi zaidi ndiyo bora.”

Hapana. Kabeji ya masika iliyosiwa mapema mno huingia kwenye baridi ikiwa na shina nene. Shina la ukubwa huo huihesabu baridi kama ishara ya kutoa mbegu, na Aprili badala ya kufunga kichwa litapiga maua. Maharage ya fava nayo, yakisiwa Septemba, hurefuka hadi upepo wa Januari uyavunje. Sia kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba, kina cha sm 5, umbali wa sm 20, ili baridi kali iyakute yakiwa na kimo cha sm 5 hadi 10 tu. Aquadulce Claudia ndiyo aina ya kutegemea kwa kazi hii.

“Sukuma wiki nitaichuma bila kikomo, kama nyumbani.”

Huku ina kikomo. Sukuma ya Kiambu au Arusha inaweza kuchumwa mwaka na zaidi kwa sababu haipati baridi ya kutosha kuisukuma itoe maua. Ya Uingereza ikishapita miezi ya baridi, Machi hutoa majani mapya laini, na kufikia Aprili shina la katikati linarefuka na kubeba vifundo vya maua ya njano. Vunja vifundo hivyo kabla havijafunguka, kwa urefu wa sm 10 hivi, uvipike kama majani. Vya pembeni vitachipuka kwa wiki kadhaa. Baada ya hapo majani yanakuwa madogo na makavu, ung’oe. Ya kufuata iwe tayari kitaluni.

“Jalidi (umande ulioganda) ikipiga tu, mboga imekwisha.”

Inategemea mboga. Sukuma, liki (leek, jamii ya kitunguu) na kabeji zikipata baridi hukusanya sukari kwenye seli, na sukari hiyo huchelewesha kuganda. Ndiyo maana sukuma ya Januari ni tamu kuliko ya Septemba. Asubuhi utaikuta imelegea kama iliyochemshwa. Usiiguse. Majani yaliyoganda yakishikwa huvunjika seli na kugeuka meusi, ilhali yakiachwa yayeyuke yenyewe hadi saa sita mchana husimama tena. Mchicha, matembele na majani ya maboga hayana kinga hiyo: jalidi ya kwanza inayamaliza, na hakuna kitambaa kitakachoyaokoa.

Kitunguu saumu ndicho kinachoitaka baridi hasa. Kipande kikikosa wiki kadhaa za baridi ya chini ya nyuzi 10, kinaweza kutoa tunguu moja la mviringo lisilogawanyika. Panda Oktoba au Novemba.

“Nitie mbolea ya kutosha kabla ya baridi.”

Naitrojeni ya Oktoba huzaa majani teketeke, na hayo ndiyo ya kwanza kuungua. Ngoja mwisho wa Februari au Machi, ukuaji unapoanza, ndipo urushie mbolea ya SA (salfeti ya amonia, yenye naitrojeni) gramu 35 kwa mita ya mraba, mbali kidogo na shina.

“Funika kila kitu, kaza sawasawa.”

Kitambaa chepesi cheupe cha gramu 17 kwa mita ya mraba huongeza nyuzi 2 hivi tu, na mboga za kuvuka baridi zilizotajwa hapa mara nyingi haziuhitaji msaada huo. Plastiki iliyofungwa bila hewa huleta ukungu wa kijivu. Kinachoua zaidi ni maji yaliyotuama: mizizi hukosa hewa, ikaoza, na lawama ikabebeshwa baridi. Kama udongo wako ni mfinyanzi, inua tuta sm 15 hadi 20.

Adui mwingine ni njiwa pori, anayeweza kuacha brokoli ikiwa mishipa mitupu kwa siku chache za theluji. Neti ishikiliwe na vijiti juu ya mimea. Ikilala juu ya majani, njiwa hutua juu yake na kudonoa kupitia matundu. Theluji nzito ikidondoka, ikung’ute netini kabla haijaiangusha juu ya mboga.