Nondo hali kanga: kuhusu makasha ya mwerezi na unyevu wa Dar

Swali limerudi tena wiki hii: "Fundi, nataka kasha la mwerezi, nondo wasije wakala kanga za marehemu bibi." Ombi lenyewe lina mapenzi ndani yake, ndiyo maana naumia mtu akijibiwa uongo ili mradi auziwe. Nondo wa nguo hali pamba. Mlaji ni funza wake, na chakula chake ni sufu, hariri, manyoya na nywele. Kanga ya pamba ataigusa tu ikiwa imewekwa na jasho au madoa ya chakula. Kwa hiyo unalipa pesa nyingi kumzuia mdudu asiye na haja na kanga yako, huku adui halisi umemfungia humo humo ndani.

Adui wa Dar ni unyevu. Koga huota hewa ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 au 70 kwa siku kadhaa, na masika, Machi hadi Mei, hewa yetu hukaa juu ya hapo. Mbao inaunyonya unyevu huo na kuutoa polepole. Harufu haikaushi kitu. Naomba hili lieleweke: kasha linaweza kunukia vizuri kabisa na kanga zikawa na vidoa vyeusi kwenye kila kunjo.

Tena wengi huweka kanga mpya na dondo lake la dukani. Dondo ni wanga, na wanga ni chakula cha mende na cha koga. Fua mara mbili kwa maji mengi, usitie wanga wala blichi. Ianike hadi pindo likauke, maana pindo ndilo hubaki na ubichi wakati katikati ya nguo pamekauka. Kisha iache ipoe ndani saa moja au mbili kabla ya kuikunja. Nguo yenye joto ukiifungia hutoa jasho.

Sasa mwerezi wenyewe. Mbao inayoitwa hivyo huku kwetu mara nyingi ni mtarakwa, Juniperus procera, mti wa milimani: Usambara, Meru, Kilimanjaro. Makasha ya Marekani ni ya ndugu yake, Juniperus virginiana. Hakuna kati yao aliye mwerezi wa Lebanoni wa kwenye Biblia, na si kosa, harufu yao ni nzuri vilevile. Penseli za zamani zilichongwa kwa miti hii hii. Harufu iliyokuwa ikitoka kwenye kichongeo ndiyo hiyo. Mafuta yapo kwenye moyo wa mti, ile sehemu nyekundu. Mbao nyeupe ya pembeni haina ulinzi na wadudu huitoboa, kwa hiyo fungua mfuniko uangalie rangi kabla hujalipa.

Mafuta hayo yanafanya kazi kiasi. Kasha likibana vizuri, mvuke wake unaweza kuua funza wachanga. Mayai na funza wakubwa hawashtuki. Na mvuke hupungua mwaka hadi mwaka. Mafundi tunasema piga msasa litakuwa jipya. Ukweli ni kwamba msasa unarudisha harufu, na mimi siwezi kumuahidi mteja kwamba ulinzi nao umerudi wote. Ukitaka kupiga, tumia namba 220, ufuate nyuzi za mbao, upande wa ndani tu. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, usiloweshe, liache wazi siku nzima kabla ya kurudisha vitu. Ndani usipake vanishi kamwe: inaziba mafuta, halafu mvuke unailainisha, inanata na nguo inagandia hapo. Mafuta ya mwerezi ya chupa yanaacha madoa kwenye nguo.

Ushahidi kwamba harufu si siri ya kasha upo pwani hii hii. Makasha ya zamani yenye misumari ya shaba mengi ni ya msaji, usio na harufu ya mwerezi hata kidogo, na yametunza nguo vizazi kwa vizazi. Yana mbao nene, mfuniko unaokaa sawasawa, na miguu. Miguu! Kasha likae juu ya sakafu sentimita 5 hadi 10, mbali kidogo na ukuta wa nje, hewa ipite chini na uone kama mchwa wameanza kujenga. Kasha lililokaa moja kwa moja kwenye saruji hunyonya unyevu kuanzia chini.

Lifungue mara mbili kwa mwaka angalau, Februari kabla ya masika na Juni baada yake, siku ya jua kali, saa nane mchana. Usilifungue alfajiri, wakati huo hewa ndiyo imeshiba maji. Mchele wa kunyonya unyevu usiuweke, unaita wadudu. Weka vipakiti vya silika, uvibadilishe.

Nguo isiguse mbao, maana mbao hutoa asidi inayogeuza kitambaa kuwa cha njano. Tandika marekani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, iliyofuliwa mara tatu nne hadi ikalainika. Vyeti na picha sishauri viwekwe humo kabisa, hata kama wateja wangu hawapendi kusikia hivyo: boksi la plastiki gumu linalobana linavifaa zaidi.

Kama kasha lako ni la kampuni ya Lane ya Marekani, lililotengenezwa kati ya 1912 na 1987, angalia kitasa leo. Vya wakati huo hujifunga vyenyewe mfuniko ukishuka, na watoto wamefia ndani. Kama hakijabadilishwa, fungua skrubu ukitoe.

Kila unapolifungua, kunja kanga upya kwa mstari mwingine, kwa sababu kunjo likikaa miaka mahali pamoja nyuzi hukatika hapo. Jina la kanga liwe juu, usilazimike kufunua zote kutafuta moja. Na andika kwa penseli, si kwa peni ya wino, kwenye kikaratasi: ilikuwa ya nani, aliivaa lini. Kikaratasi kiweke juu ya marekani, kisigusane na kanga.