Korosho ina zaka? Na nani ana haki ya kusema hukumu imebadilika?

Minada ya kwanza ikishapita na hela zikaanza kuingia kwa wakulima kupitia AMCOS, yani vyama vyao vya ushirika, swali ni lilelile, Tandahimba wanauliza, Newala wanauliza, huku Mikindani ndo usiseme: ustadhi, korosho ina zaka au haina? Siku hizi swali linakuja na klipu kabisa. Mmoja kwenye klipu anasema haina kitu, mwingine anasema toa moja ya kumi la sivyo umekula haki ya maskini, na kuna ya tatu ambayo ndo imenifanya nikae niandike, jamaa anasema tozo zikishakatwa pale kwenye mauzo basi zaka imetoka humohumo, maana lengo la zaka ni kusaidia jamii na barabara na shule si ndo jamii yenyewe.

Mimi kazi yangu ni kusomesha fiqhi, elimu ya hukumu za dini. Sasa hizi klipu tatu watu wanazichukulia kama ni maoni matatu ya aina moja, chagua unalopenda. Hapana. Mbili za kwanza zimetoka nyumba moja, ya maimamu wa fiqhi, ya tatu imetoka kwingine kabisa.

Huku pwani sisi ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, toka enzi za babu zetu. Ukifungua Minhaji, kitabu cha fiqhi ya Kishafii cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, mlango wa zaka ya mimea anasema zaka iko kwenye kile ambacho ni chakula cha kumshikilia mtu, kwenye matunda ni tende na zabibu tu, kwenye nafaka ni ngano, shayiri, mchele, dengu na kila ambacho watu wanakila kama chakula chao kwa hiari, sio kwa sababu ya njaa. Korosho haimo, kwa sababu hakuna nyumba hapa Mtwara inapika korosho ikasema leo tumekula.

Vijana wananiambia lakini ustadhi, Nawawi aliijua wapi korosho, si imeletwa na Wareno kutoka Brazil kwenye karne ya 16? Kweli, hakuijua. Lakini na mahindi yametoka hukohuko Amerika, Nawawi hakuyajua pia, na mahindi tunayatolea zaka bila mtu kubisha! Kwa sababu alichotuachia sio orodha, katuachia kipimo. Kitu kipya kikija unakipeleka kwenye kipimo, mahindi yameingia, korosho imebaki nje.

Na palepale, mistari michache mbele, Nawawi anataja kuwa kwenye kauli ya zamani ya Imamu Shafii zaka ilikuwa wajibu kwenye zeituni, zafarani na asali. Imamu alikuwa na kauli zake za Iraki, alipohamia Misri akazipitia upya na nyingi akaziacha, akafariki hukohuko mwaka 204 Hijria, yani 820. Hapa ndo watu wa kutafsiri dini upya wanapopapenda sana, wanasema mnaona, Shafii kahama mji kabadilisha dini, na sisi zama zimebadilika tubadilishe. Jamani, someni maelezo ya wafuasi wake wenyewe. Wanachozungumza kwenye zeituni ni kwamba zile athari, yani kauli zilizopokewa kutoka kwa masahaba, ni dhaifu. Wanapima dalili, yani ushahidi wa hukumu. Hawasemi Wamisri walikuwa na maisha tofauti. Kubadilika kulikuwepo na kupo, ila kuna mlango wake.

Sasa toka nje ya madhehebu yetu kidogo. Kwa madhehebu ya Hanbali kipimo ni kitu kinachopimwa kwa kibaba na kinachowekwa, ndo maana lozi na fistiki zimo, na korosho ukiiangalia haiko mbali na lozi. Abu Hanifa, imamu wa madhehebu ya Hanafi, yeye anasema karibu kila kinacholimwa, ameshika ujumla wa aya ya 267 ya Suratul Baqara, toeni katika vizuri mlivyochuma na katika tulivyokutoleeni kutoka ardhini, na hadithi ya Bukhari kwamba kinachonyweshwa na mvua ni moja ya kumi na kinachomwagiliwa ni nusu yake. Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki 2022, kwenye kitabu chake kikubwa cha zaka kaitetea sana rai hii ya Abu Hanifa, na hoja yake moja inanigusa mimi kama mtu wa kusini: haiingii akilini mkulima wa shayiri atoe halafu mwenye bustani kubwa za matunda ya thamani asitoe.

Weka hapa kwetu. Tuseme mtu kapata korosho za milioni 2. Kwa rai ya Abu Hanifa anatoa laki 2 mavuno yakitoka, kwa sababu korosho zetu ni za mvua. Kwa Shafii hatoi kitu kwenye korosho yenyewe, anasubiri hela ikae mwaka mzima ikiwa imefika nisabu, kile kiwango cha chini cha kuwajibika zaka, ndo atoe asilimia 2.5 ya iliyobaki, na sote tunajua hela ya korosho haikai mwaka, kuna ada, kuna bati, kuna unyago, kuna bodaboda. Kwahiyo mwenye mtama wake wa kula anatoa na mwenye mikorosho hatoi. Mimi hili linanikosesha raha, nasema wazi, na anayeniuliza namwambia kauli ya madhehebu yetu ilivyo halafu namshauri atoe kwa kuwafuata waliowajibisha. Al-Qaradawi ni mtu wa zama zetu kabisa, ila kafika alikofika kwa aya, hadithi na imamu aliyemtangulia, na unaweza kumfuata hatua kwa hatua ukamhoji.

Ile klipu ya tozo haina hatua za kufuata. Msomi aliyeijenga njia ya namna hii kwa umakini ni Fazlur Rahman wa Pakistan, aliyekuja kusomesha Chicago mpaka akafariki 1988, alikuwa msomi kweli na sipendi anavyotukanwa. Anasema rudi kwenye zama za kushuka aya, toa lengo lake, halafu uje na lengo hilo kwenye zama zako, na viwango vya zaka aliona vinaweza kubadilishwa kufuata mahitaji ya dola. Swali langu ni moja tu, nani kaamua lengo ni lipi? Maana Qurani kwenye Tawba aya ya 60 haikusema "jamii", imetaja mafungu manane kwa majina. Hata ukimfuata Rashid Rida, mwanachuoni wa karne iliyopita, aliyelipanua fungu la njia ya Mwenyezi Mungu likaingiza maslahi ya umma, bado zaka ni ibada na inataka nia, na aliyekata tozo hakukata kwa jina la zaka.

Wale wanaosema tuachane na maimamu tushike hadithi tu nao niwaguse kidogo. Mmoja atashika riwaya ya masahaba Muadhi na Abu Musa walipotumwa Yemen, kwamba msichukue ila kwenye ngano, shayiri, tende na zabibu, basi hata mchele wa kule Rufiji umetoka. Mwenzake atashika hadithi ya mvua, korosho imeingia. Hadithi mbili, watu wawili, tayari mna madhehebu mawili, ila haya hayana usuli, yani kanuni za kutolea hukumu.

Anayetaka kutoa sasa. Abu Hanifa mwenyewe haweki nisabu, wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, wanaweka wasaki 5, ambazo Al-Qaradawi kazikadiria kilo 653 kwa uzito wa ngano. Wasaki ni kipimo cha ujazo, korosho yenye ganda uzito wake sio wa ngano, kwahiyo usiing'ang'anie kilo kwa kilo, ukikaribia toa. Na kama salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, ulichukua kwa mkopo, imepokewa kwa masahaba Ibn Abbas na Ibn Umar kuwa deni lililoingia shambani linalipwa kwanza, halafu kinachobaki ndo kinatolewa zaka. Walitofautiana tu kwenye deni la matumizi ya nyumbani, Ibn Umar kasema nalo lipunguzwe kwanza, Ibn Abbas hakulipunguza, na mimi hapo namfuata Ibn Abbas.