Bustani yenye majimaji nayo inaota maua ya pori

Kuna imani ya siku nyingi kwamba udongo ukituamisha maji basi maua ya asili hayatoki, mpaka umwage mchanga au kifusi pakauke kwanza. Inaeleweka imetoka wapi, manake mimea mingi tuliyoizoea kweli inaoza mizizi, maji yakijaa kwenye udongo hewa inakosa nafasi na mizizi inahitaji oksijeni.

Ila sio mimea yote iko hivyo. Maua ya vinamasi na kando ya mito yameizoea hali hiyo, chukua kikonyo cha yungiyungi ukikate katikati utayaona matundu kabisa, hayo ndo yanapitisha hewa kutoka kwenye majani hadi chini mizizini. Na mchanga kidogo kwenye udongo wa mfinyanzi mara nyingi unaufanya uwe mgumu zaidi.

Kujua bustani yako ikoje chimba shimo la sentimita 30 hivi, lijaze maji, yakiisha jaza tena, kama kesho yake bado yapo basi panatuama kweli. Udongo wa kijivu wenye madoadoa ya kutu nao ni dalili. Alafu pita kwenye mitaro ya karibu uone nini kinachanua chenyewe, chukua mbegu chache tu using'oe mmea, na ulizia jina lake la kisayansi kabla hujapanda, maana gugu maji lina maua mazuri ya zambarau lakini asili yake ni Amerika Kusini na limeziba maziwa na mito mingi mbali na kwao.