Rangi Imekauka, Ugomvi Umeisha: Tunayoyaamini Nyumbani na Ukweli Wake

Muulize mume, akiwa peke yake, anafanya asilimia ngapi ya kazi za nyumbani. Muulize na mke, naye akiwa peke yake. Jumlisha majibu yao, na usishangae ukipata zaidi ya 100. Mwaka 1979 wanasaikolojia Michael Ross na Fiore Sicoly walichapisha utafiti wa namna hiyo kwa jozi 37 za wanandoa. Waliwapa orodha ya shughuli 20 za kila siku, wakamtaka kila mmoja aoneshe mchango wake ni kiasi gani. Katika shughuli 16 kati ya hizo, majibu ya wawili hao yakiunganishwa yalizidi kazi yenyewe.

Hapo ndipo inapoyumba dhana ya "mimi ndiye ninayefanya kila kitu humu ndani." Ni rahisi kusema kwamba mwenye kauli hiyo anajisifu tu. Lakini orodha ile ilikuwa na mambo mabaya pia, kama kuanzisha ugomvi, na huko nako watu walijipa fungu kubwa kupita kiasi. Mtu wa kujisifu hagombei lawama. Tatizo liko kwenye kumbukumbu: kazi niliyoifanya mwenyewe naikumbuka yote, pamoja na mgongo ulioniuma, ya mwenzangu naona matokeo tu, tena nikibahatika kuyaona. Ndoo ya taka ilikuwa imejaa, sasa iko tupu. Sabuni ya bafuni haijawahi kuisha. Ukiishi na mtu anayenunua sabuni kabla ya ile ya mwisho kumalizika, unaweza kukaa naye miaka bila kujua kwamba hiyo nayo ni kazi, maana alama yake pekee ni kwamba hakuna kilichoharibika.

Mabishano ya nani kafanya zaidi sijayaona yakizaa kitu. Bora kukaa chini na kuandika kila kinachofanyika ndani ya wiki moja, zikiwamo kazi za kichwani: kukumbuka siku ya kulipa bili, kujua kwamba viatu vya mtoto vimeanza kumbana, kugundua kwamba kitasa cha mlango wa nyuma kimelegea. Karatasi hiyo huwa ndefu kuliko wote wawili walivyotarajia.

"Tukilizungumza vizuri, litaisha"

Mengine huisha. Mengi hayaishi. John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miongo kadhaa katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, alikuta kwamba takriban asilimia 69 ya migogoro yao ni ya kudumu. Inatokana na tofauti za hulka, na hulka haibadilishwi kwa kikao. Mmoja hapati usingizi dirisha likiwa limefungwa. Mwingine hapati likiwa wazi. Mmoja akialikwa saa kumi, saa tisa na nusu yuko mlangoni kwa watu. Kwa mwenzake saa kumi ndiyo saa ya kuanza kutafuta viatu. Mtoto wao wa kwanza atamaliza shule na suala hilo bado liko mezani.

Kinachowatofautisha wanaoelewana ni jinsi wanavyoliongelea jambo lile lile kwa mara ya hamsini. Gottman aliona kwamba hata katikati ya mabishano, wanandoa waliotulia hupeana mambo mema matano kwa kila baya moja: mzaha kidogo, kukubali hoja, kumshika mwenzio mkono. Tena alikuta kwamba dalili mbaya kuliko zote ni dharau, yaani kubetua midomo, kuigiza sauti ya mwenzio, kumjibu kama mtu asiye na akili. Wapo wanaopaza sauti kila wiki na ndoa yao ni imara, na wapo wasiopaza sauti kamwe lakini kila neno lao lina sumu. (Nazungumzia watu wanaoheshimiana. Vipigo na vitisho si tofauti ya hulka, na hakuna wa kuambiwa ajifunze kuishi navyo.)

Pacha wa dhana hiyo ni ushauri wa harusini: msilale na hasira. Nia yake ni njema, lakini ukifuatwa neno kwa neno unawakesha watu wawili waliochoka hadi saa nane usiku, wakitafuta suluhu kwa akili zilizokwisha kulala. Katika maabara yake Gottman aliwahi kuwakatiza wanandoa waliokuwa wakibishana, kwa kisingizio cha kurekebisha mitambo, akawapa magazeti wasome kwa nusu saa bila kugusia mada yao. Waliporudi kwenye mazungumzo, mapigo ya moyo yalikuwa yameshuka na maneno yalikuwa ya kistaarabu zaidi. Nao watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wameonesha kwamba wanandoa hugombana zaidi siku inayofuata usiku wa usingizi mbaya. Kwa hiyo laleni. Ila semeni kwanza, "tutaliongea kesho jioni," na kesho jioni mliongee kweli. Kulala bila kusema lolote na kuamka bila kusema lolote, siku ya tatu mnapitana koridoni kama wapangaji, huko ni kununiana, na sikutetei.

"Anayenipenda atajua bila kuambiwa"

Hii naiona kuwa ghali kuliko zote, kwa sababu inamfanya mtu akae kimya kisha amhukumu mwenzake kwa ukimya wake mwenyewe. Mwaka 2011 Kenneth Savitsky na wenzake walichapisha majaribio waliyowafanyia wanandoa: mmoja anasema sentensi yenye maana zaidi ya moja, huku wengine, yaani mwenzi wake na watu baki, wakijaribu kubaini amekusudia nini. Wenzi hawakufanya vizuri kuliko wageni. Kilichokuwa tofauti ni imani ya msemaji: aliamini kabisa kwamba wa kwake amemwelewa.

Mazoea hutupunguzia umakini. Kwa mgeni utasema, "naomba unisaidie kufunga dirisha, baridi inaingia." Kwa mwenzi wako unasema, "leo kuna baridi," unasubiri, dirisha linabaki wazi, nawe unaanza kuhesabu ushahidi wa kutopendwa. Yeye pale alipo amekubaliana nawe kwamba leo kuna baridi.

"Ni kazi ya mwishoni mwa wiki moja tu"

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kuhusu udhaifu huu mwaka 1979: tunapopanga kazi tunaiwazia ikienda sawasawa, wala hatuziulizi kazi za nyuma zilichukua muda gani. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi tasnifu zao zitakamilika lini. Kwa wastani walisema siku 34, na mambo yote yakienda mrama, kama siku 49. Zilikamilika kwa siku 55 na zaidi. Yaani hata hofu yao ilikuwa na matumaini kupita kiasi.

Kwenye kupaka rangi chumba, brashi ndiyo sehemu fupi. Kuna kuhamisha kabati, kuosha ukuta, kuziba nyufa, kusubiri viraka vikauke, kupiga msasa, kufuta vumbi la msasa, kubandika karatasi pembezoni mwa soketi, na kwenda dukani mara ya pili. Anayemwahidi mwenzake kwamba Jumapili jioni watalala chumbani anaandaa ugomvi wa Jumatatu. Dawa yake ni kuuliza mara ya mwisho kazi kama hii ilichukua siku ngapi, na kuupokea muda huo kama ulivyo bila kuupunguza kwa kudhani kwamba sasa ni mzoefu.

Rangi nayo ina udanganyifu wake. Rangi ya maji ikiguswa baada ya saa moja au mbili haishiki kidole, basi watu wanarudisha kabati ukutani. Kukauka kwa kugusa ni maji kuondoka kwenye sehemu ya juu tu. Kukomaa hadi ukuta ustahimili kusuguliwa huchukua wiki mbili hadi nne, zaidi kukiwa na unyevunyevu. Kabati lililoegemezwa mapema litaondoka na kipande. Rangi ya mafuta hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa: hushika kwa kuchanganyika na oksijeni ya hewani, ndiyo maana ukiipaka nene ili umalize haraka, juu hufunga ngozi na chini hubaki laini. Mikono miwili myembamba ya rangi hushinda mmoja mnene, hilo halina mjadala.

Na hakuna rangi inayotibu unyevu. Doa la kuvu lililofunikwa kwa rangi mpya hurudi, mara nyingi lilelile mahali palepale, kwa kuwa maji bado yanaingia: bomba linalovuja ndani ya ukuta, bati lililotoboka, udongo wa nje uliopanda juu kuliko msingi, au mvuke wa bafuni usio na pa kutokea. Tafuta maji kwanza.

Saruji ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko yote. Watu husema zege "limekauka," wakamwonea huruma fundi anayelimwagilia maji siku nzima. Zege haligandi kwa kupoteza maji. Linaganda kwa sababu saruji inaungana na maji kikemikali, na likikaushwa na jua mapema muungano huo unakatika njiani, uso unabaki na nyufa na vumbi lisiloisha kwa kufagia. Ndiyo maana saruji huweza kuganda hata chini ya maji. Saruji ya Portland, iliyosajiliwa na Joseph Aspdin nchini Uingereza mwaka 1824, hupimwa nguvu zake ikitimiza siku 28; siku 7 za kwanza ndizo za kuhakikisha haikosi unyevu. Ila usidhani kwamba maji ya kumwagilia baada ya kuganda ni sawa na maji ya kuchanganyia. Tangu 1918 Duff Abrams wa Marekani alionesha kwamba kadiri maji yanavyozidi ukilinganisha na saruji ndani ya mchanganyiko, ndivyo zege linavyokuwa dhaifu. Ule uji mwepesi unaosambaa wenyewe bila kusukumwa unapendeza machoni, na ndio utakaovunjika ngazini.

Bomba la sinki linalodondosha tone moja kila sekunde? Si kitu kidogo: kwa mwaka ni zaidi ya lita 11,000. Mara nyingi kilichokufa ni mpira mdogo wa ndani. Funga maji, fungua kichwa cha bomba, nenda nao dukani ukafananishe.

"Furaha ni ya siku kubwa"

Tunaweka akiba ya raha kwa ajili ya safari ya mwaka na sherehe ya kumbukumbu ya ndoa, halafu siku 360 zilizobaki tunazivumilia. Ed Diener na wenzake walichapisha mwaka 1991 hoja iliyo kinyume: furaha ya mtu hutegemea zaidi anahisi vizuri mara ngapi kuliko anahisi vizuri kwa nguvu kiasi gani. Kwa hesabu hiyo, kikombe cha chai cha asubuhi kinachonywewa kwa kukaa, si kwa kusimama huku unatafuta funguo, kina uzito kuliko kinavyoonekana.

Kuna jaribio ninalolipenda kwa sababu linakwenda kinyume cha akili ya kawaida. Leif Nelson na Tom Meyvis, mwaka 2008, walionesha kwamba watu waliokandwa mwili na kukatizwa katikati waliifurahia huduma hiyo kuliko waliokandwa mfululizo. Na waliosikilizishwa kelele za mashine ya kufyonza vumbi waliumia zaidi walipopewa mapumziko. Ukiwa ndani ya jambo zuri unalizoea, na ukiwa ndani ya kero unaizoea pia. Mapumziko yanavunja mazoea hayo. Wengi wetu hufanya kinyume chake. Tunatazama tamthilia vipande sita kwa usiku mmoja, na kupiga msasa mlango tunakugawanya mara tisa kwa wiki tatu.

Wapo pia wanaoweka mimea ya ndani wakiamini kwamba inasafisha hewa ya nyumba. Haisafishi kwa kiwango cha kuhesabika. Imani hiyo ilienea kutokana na utafiti wa NASA wa mwaka 1989 uliofanywa ndani ya vyumba vidogo vilivyozibwa kabisa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba ingehitajika mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kufikia kazi inayofanywa na hewa ya kawaida inayoingia na kutoka. Fungua dirisha. Mmea uweke kwa sababu unapenda kuutazama ukichipua, nayo ni sababu tosha.

Imebaki dhana ile inayowatia watu hatia bure, kwamba starehe ya peke yako ni kumkimbia mwenzio. Mtu anajifungia saa nzima na fumbo la maneno au redio yake, na mwenzake anahesabu kwamba ameibiwa saa. Saa hiyo haijaibiwa. Cha kuangalia ni kinachofuata mlango ukifunguliwa. Shelly Gable na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2006 kwa watu walio kwenye uhusiano, waliona kwamba namna mtu anavyoipokea habari njema ya mwenzake hueleza afya ya uhusiano wao kuliko namna anavyoipokea habari mbaya. Kwenye msiba karibu kila mtu anajua la kusema. Lakini mwenzio akitoka na gazeti mkononi akakwambia fumbo lote limekamilika, "hongera" inayosemwa macho yakiwa kwenye simu haimfikii. Muulize neno lililomsumbua ni lipi, na umwache akueleze hata kama maelezo ni marefu.