Vita vya Uhuru wa Marekani Vilivyomalizikia Kwenye Barua

Wengi tuliosoma historia ya Marekani darasani tuliishia Yorktown, 19 Oktoba 1781, siku jeshi la Cornwallis, jenerali wa Waingereza, lilipoweka silaha chini. Jeshi la Jenerali George Washington, kamanda wa Wamarekani, halikuvunjwa siku hiyo. Waingereza walikuwa bado wanaishikilia New York, na majira ya baridi ya 1782 yakawakuta askari wa Washington wamepiga kambi New Windsor, jirani na mji wa Newburgh kando ya Mto Hudson, wakingoja mambo mawili: amani na mishahara. Mapigano makubwa yalikuwa yamekwisha. Mengi yaliyobaki yaliamuliwa kwa kalamu, na sisi tunaofanya kazi ya kutunza nyaraka tunaiona miezi ya Februari hadi Mei 1783 kuwa miezi ya kusomwa barua kwa barua, kwa mfuatano wa tarehe.

Kiini cha ugomvi kilikuwa fedha. Kongresi, bunge la majimbo lililokutana Philadelphia, haikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Iliyaomba majimbo, nayo yakatoa kwa kusuasua. Mwaka 1780 ilikuwa imewaahidi maofisa nusu mshahara maisha yao yote baada ya vita. Ikapendekeza ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za kutoka nje, jambo lililohitaji ridhaa ya majimbo yote 13, na Novemba 1782 Rhode Island ikakataa. Mwezi uliofuata Jenerali Alexander McDougall, akiwa na makoloneli wawili, alipeleka Philadelphia ombi la maofisa: tumevumilia yote anayoweza kuvumilia binadamu, mali zetu zimekwisha, na marafiki zetu wamechoka na maombi yetu yasiyoisha.

Februari 1783, Alexander Hamilton akachukua kalamu kumwandikia Washington. Alikuwa msaidizi wa Washington wakati wa vita, na sasa alikuwa mjumbe wa Kongresi. Barua yake ina hila, tena hila ya mtu mwenye akili nyingi. Hasemi jeshi liipindue serikali. Anasema madai ya jeshi yakitolewa kwa kiasi lakini kwa msimamo, yanaweza kuwasukuma wajumbe wanaoyumba. Na Washington ayaelekeze madai hayo bila mkono wake kuonekana. Gouverneur Morris, naibu wa msimamizi wa fedha wa Kongresi, naye alimwandikia Jenerali Henry Knox kwa nia hiyo hiyo, na Knox akakataa, kwa kuwa kwake hapakuwa na kitu kisicho na doa kama jina la jeshi hilo. Mwishoni mwa mwezi Joseph Jones, mjumbe wa Virginia, akamtahadharisha Washington kwamba Philadelphia kuna watu wanaomchimba.

Tarehe 10 Machi barua isiyo na jina ikazagaa kambini. Mwandishi wake, kama ilivyojulikana baadaye, alikuwa Meja John Armstrong, msaidizi wa Jenerali Horatio Gates. Aliwaambia maofisa kwamba amani ikija wakatae kuweka silaha chini, na vita vikiendelea waondoke na kuiacha nchi bila ulinzi. Ikumbukwe kwamba mapatano ya awali ya amani yalikuwa yamekwisha kutiwa saini Paris tangu 30 Novemba 1782, lakini maandishi yake yalifika Philadelphia 12 Machi. Watu walikuwa wakitishana juu ya kesho ambayo tayari ilikuwa baharini, inakuja na meli.

Washington aliitisha mkutano wake mwenyewe 15 Machi. Alisoma hotuba, kisha akatoa barua ya Jones ili awaonyeshe kwamba Kongresi haijawasahau. Akakwama kwenye mistari ya mwanzo. Meja Samuel Shaw, aliyekuwepo, aliandika mwezi uliofuata kwamba Jenerali alitoa miwani na kuomba radhi: ameota mvi katika utumishi wao, na sasa anaona macho nayo yanampotea. Maofisa waliokuja na hasira walitokwa na machozi. Wiki moja baadaye Kongresi ikakubali kuibadili ahadi ya nusu mshahara kuwa mshahara kamili wa miaka 5, uliolipwa kwa hati za deni. Hati hizo zilishuka thamani, na wengi waliziuza kwa bei ya kutupa.

Tarehe 4 Aprili Washington akamwandikia Hamilton kwamba jeshi ni chombo cha hatari kukichezea. Sentensi hiyo inanukuliwa mara nyingi, na inastahili.

Lakini ukiendelea na barua zilizofuata, unakutana na jambo lisilonukuliwa sana. Tarehe 5 Aprili alimjibu Lafayette, jenerali Mfaransa aliyepigana upande wa Wamarekani, aliyekuwa amependekeza wanunue pamoja shamba dogo wawape watumwa uhuru na kuwafanya wapangaji. Washington alisifu moyo wake, akasema tutazungumza tukionana. Tarehe 28 Aprili alimwandikia Daniel Parker, mfanyabiashara aliyekuwa akienda New York: baadhi ya watumwa wangu waliotoroka huenda wako huko, ukiwapata wakamate nirudishiwe. Na 6 Mei alimwandikia Jenerali Guy Carleton, kamanda wa Waingereza, akidai kifungu cha mapatano kinachokataza kuwaondoa watumwa wa Wamarekani kiheshimiwe.

Jibu la Carleton la 12 Mei lina uzito wa pekee. Aliwakuta watu hao wakiwa huru, kwa ahadi ambazo Waingereza waliwapa watumwa waliotorokea kwao, anasema, na hakuwa na haki ya kuwanyang'anya uhuru huo. Alichokubali ni kuandika daftari: jina la mtu, umri, wajihi, aliyekuwa akimmiliki, na meli atakayopanda. Majina kama 3,000 yamo. Mmoja ni Harry Washington, aliyekuwa mali ya Jenerali mwenyewe. Alisafirishwa hadi Nova Scotia, na mwaka 1792 akavuka tena bahari kwenda Freetown, Sierra Leone.

Mimi sikubaliani na desturi ya kuzichapa barua za Hamilton katika kitabu kimoja na za Carleton katika kingine. Ziliandikwa ndani ya miezi michache, na mtu mmoja ndiye aliyeitetea Kongresi dhidi ya jeshi na kuwadai watu waliokwisha kuwa huru.

Tunaweza kuzisoma leo kwa sababu Washington alijali kumbukumbu. Mwaka 1781 aliiomba Kongresi igharamie kunakili nyaraka zake za vita, na Richard Varick na makarani wake wakajaza majalada 44, ambayo sasa yako Maktaba ya Kongresi. Daftari la Carleton lina nakala katika Kumbukumbu za Taifa za Uingereza, Kew, London. Barua za Washington zimewekwa bure kwenye tovuti ya Founders Online. Anayetaka kuanza, atafute tarehe 4 Aprili 1783, kisha asiishie hapo, aende mbele hadi 12 Mei.