Laini kwanza, barua pepe pili

"Shikamoo shangazi. Samahani, kuna namba sita nimezituma kwako kwa bahati mbaya, naomba nirushie haraka niko kwenye foleni benki."

Meseji hiyo ilimfikia mama mmoja asubuhi akiwa jikoni. Ilitoka kwenye WhatsApp ya mpwa wake, yenye picha ya mpwa wake. Alipofungua meseji za kawaida akakuta kweli namba sita zimeingia. Akazirusha, akaendelea kumenya viazi. Alipochukua simu tena, WhatsApp ilikuwa imemtoa nje. Mama huyu ni mweka hazina wa kamati ya harusi, na hadi saa sita mchana wanakamati watatu walikuwa wameshatuma michango yao kwenye namba ngeni, baada ya kuambiwa na "mweka hazina" kwamba laini yake imefika kikomo cha miamala.

Sisi tunaokaa dawati la msaada la TEHAMA tunakisikia kisa hiki mara nyingi mno, na karibu kila anayekileta anasema amedukuliwa. Neno hilo linatisha kuliko tukio lenyewe. Hakuna kitasa kilichovunjwa. WhatsApp inakutambua kwa namba ya simu tu, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuiweka programu hiyo kwenye simu yake na kuandika namba yako. Anachokosa ni zile tarakimu sita zinazotumwa kwenye laini yako, na hizo anakuomba wewe. Mpwa naye hakuwa na kosa: alikuwa amenyang'anywa akaunti yake jana yake, kwa ombi la namna hiyohiyo lililotoka kwa rafiki yake wa chuo.

Saa ya kwanza ndiyo yenye thamani, na wengi huimalizia kwenye kulalamika. Mama yetu aliitumia kuwapigia simu vijana watatu "wanaojua kompyuta". Dawa ilikuwa mkononi mwake: kuifungua WhatsApp palepale, kuandika namba yake, kusubiri tarakimu sita mpya na kuziingiza. Akaunti haiwezi kusajiliwa kwenye simu kuu mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukishaingia wewe, mwizi anatoka. Huenda ukakuta ameweka namba ya siri ya hatua ya pili, ile inayodaiwa baada ya tarakimu za meseji, na programu ikakwambia usubiri siku 7. Hapo ndipo watu wanapokata tamaa na kwenda kununua laini mpya. Usinunue. Ukishaingiza zile tarakimu sita za meseji, mwizi ametoka tayari, hata kama na wewe hujaingia. Ni kama mlango umefungwa yeye akiwa nje, nawe unasubiri ufunguo. Zikipita siku hizo unaingia bila namba yake. Na kama programu inahesabu muda kwa sababu tarakimu zimeombwa mara nyingi, acha ihesabu. Kila ukibonyeza tena unaweza kujiongezea kusubiri.

Habari njema nyingine: kwa njia hii mwizi hasomi mazungumzo yako ya zamani, maana yako kwenye simu yako, hayako kwenye namba. Anachopata ni magrupu na meseji zinazoingia kuanzia pale. Anayesoma vyote ni yule wa kimyakimya, aliyeshika simu yako dakika moja ukiwa saluni au ofisini na kuiunganisha na kompyuta yake. Huyo hakutoi nje, anakaa anasoma. Fungua leo sehemu ya vifaa vilivyounganishwa kwenye mipangilio ya WhatsApp, na usichokitambua ukiondoe.

Yote hayo yanawezekana ikiwa jambo moja liko salama: laini. Ndiyo maana mtu akija kwetu amepoteza Facebook, Instagram, barua pepe na WhatsApp kwa pamoja, swali letu la kwanza ni, "Laini yako inapiga?" Ukikuta mtandao umepotea kwenye simu yako huku jirani yako wa mtandao uleule anapiga bila shida, inawezekana kuna mtu ameirudisha laini yako kwenye kadi nyingine. Hili halichagui wajinga. Agosti 2019 akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyohiyo ya Twitter, ilichukuliwa baada ya namba yake ya simu kuhamishiwa kwa watu wengine. Kwa hapa Tanzania, azima simu, piga 100, namba ya huduma kwa wateja, omba laini ifungwe pamoja na akaunti ya pesa, kisha nenda duka la mtandao wako na kitambulisho chako ukairudishe kwa alama ya kidole. Usiahirishe hadi kesho kwa sababu ya mvua.

Kuna jambo ambalo sijui kwa nini halisemwi vya kutosha. Simu ikikwapuliwa kwenye dirisha la daladala, tunajifariji kwamba imefungwa kwa alama ya kidole. Mwizi hana haja ya kuifungua. Anachomoa laini, anaichomeka kwenye kitochi chake, anabonyeza "nimesahau nenosiri" kwenye akaunti yako, na tarakimu zinaingia kwenye kitochi. Dawa yake ni ya zamani kuliko simu janja zenyewe: namba ya siri ya laini, ambayo huwekwa kwenye mipangilio ya simu. Ukishaiweka, laini ikihamishiwa simu nyingine inadai namba hiyo kwanza. Ila usianze kubahatisha, kwa sababu laini inayo namba ya mwanzo iliyotoka kiwandani. Piga 100 uiulize. Ukikosea mara tatu laini inajifunga na kudai PUK, ile namba ya tarakimu 8 iliyoandikwa kwenye kadi uliyobandulia laini, ile ambayo wengi wetu tuliitupa palepale kibandani. Ukikosea PUK mara kumi, laini imekufa.

Mengine ya laini nayataja haraka. Mtu akikupigia akajiita wa huduma kwa wateja na kukutaka ubonyeze nyota ishirini na moja nyota kisha namba fulani, kata simu. Hiyo ni amri ya kuhamishia simu zako kwake, na tarakimu za WhatsApp zinaweza kuombwa kwa njia ya kupigiwa. Kama umeshabonyeza, ##002# inafuta uhamishaji wote. Piga pia *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Wapo waliokuta namba wasiyoijua, kwa sababu siku ya kusajili laini wakala aliwaambia, "Kidole hakijasoma, weka tena."

Laini ikishatulia, inafuata barua pepe, kabla ya Facebook na kabla ya Instagram. Akaunti hizo zote hurudishwa kwa kutuma kiungo kwenye barua pepe, kwa hiyo anayekalia barua pepe yako atakunyang'anya kila utakachorudisha. Watu wengi hapa wanayo Gmail waliyofunguliwa na fundi siku waliponunua simu, na nenosiri lake analijua fundi. Kama na wewe ni mmoja wao, libadili kabla hujamaliza kusoma makala hii.

Ukiwa umeshanyang'anywa Gmail, nenda g.co/recover, na uende ukiwa na simu au kompyuta unayoitumia siku zote, ukiwa nyumbani au ofisini ulipozoea kuingilia. Google hupima kama kifaa na mahali vinafanana na vya mwenye akaunti. Anayejaribu kupitia kompyuta ya steshenari asiyowahi kuigusa anajifungia mlango mwenyewe. Mwizi akishabadili namba ya simu ya kurejeshea akaunti, Google bado inaweza kuikubali namba yako ya awali kwa hadi siku 7, hivyo wahi. Ukishaingia, usiishie kwenye kubadili nenosiri. Ingia kwenye mipangilio utazame kama kuna anwani ngeni inayopelekewa nakala ya barua zako. Tumewahi kumrudishia mtu akaunti, akashangilia, na wiki iliyofuata ikachukuliwa tena kwa sababu nakala za barua zake zilikuwa zinaendelea kwenda kwa mwizi. Hilo lilikuwa kosa letu, hatukukagua.

Facebook ina facebook.com/hacked na Instagram ina instagram.com/hacked. Instagram inaweza kukutaka ujipige video ya uso ukigeuka kushoto na kulia, ili walinganishe na picha zilizo kwenye akaunti. Mwenye duka la mitandaoni aliyeweka picha za viatu tu, uso wake haumo, anapata shida hapo.

Kuhusu nenosiri nina neno moja. Liwe refu, na lisitumike mahali pawili. Juni 2016 Mark Zuckerberg mwenyewe, mwanzilishi wa Facebook, alichukuliwa akaunti zake za Twitter na Pinterest, na ilielezwa kwamba nenosiri lilitokana na data za LinkedIn zilizovuja tangu 2012. Maneno manne yasiyohusiana, unayoyakumbuka wewe, yanatosha. Kisha washa uthibitishaji wa hatua ya pili, unaodai tarakimu za ziada baada ya nenosiri, na Google itakupa tarakimu za akiba, namba kumi za kutumia siku simu haipo. Usizipige picha ukaziacha kwenye simu hiyohiyo. Ziandike kwenye karatasi, uiweke kwenye bahasha ya vyeti vya shule na hati ya kiwanja.

Ukitangaza kwamba umepoteza akaunti, ndani ya dakika chache atatokea mtu wa kukuelekeza kwa "mtaalamu" anayerudisha kwa elfu hamsini. Kurudisha akaunti ni bure, na huyo mtaalamu ataziomba zilezile tarakimu sita.

Pesa ikiwa imeshatumwa, aliyetuma ndiye apige 100 mara moja aeleze muamala, maana ikishatolewa kwa wakala hairudi kirahisi. Apige skrini shoti za mazungumzo kabla hayajafutwa, aende kituo cha polisi achukue RB, yaani namba ya taarifa aliyoifungua; kuingilia akaunti ya mtu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Meseji ya kitapeli itume 15040, namba ya kuripoti utapeli, ikifuatiwa na namba iliyoituma.

Mama wa kamati ya harusi alirudi kwenye WhatsApp siku ya nane, na mmoja tu kati ya wale watatu alipata pesa yake, kwa kuwa aliwahi kupiga 100. Siku hizi kwenye grupu lile namba ya kupokelea michango haibadilishwi kwa meseji. Mweka hazina anawapigia wanakamati wawili, wanamsikia sauti, ndipo wanaiandika kwenye grupu.